Dume Hajulikani

Malaba,
Jumapili, 14 Septemba 2025

Kwa dada yangu mpendwa Roselida,

Mulembe, dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe, shemeji Mathew na watoto, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu uanze zile dawa mpya. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Collins anakusalimu sana. Mama nilimwona Jumamosi iliyopita huko Marachi. Amevuna njugu, anakula vizuri, ila analalamika kwamba ukimpigia simu huongea wewe tu, yeye hubaki akiitikia.

Utashangaa kupata barua ya karatasi siku hizi. Sababu ni hiyo hiyo ya Mama. Nikikupigia utanikatiza. Utaanza kunitetea kabla sijamaliza sentensi ya kwanza, na mimi nitanyamaza nikuache unitetee, maana kutetewa na wewe ni kutamu tangu tukiwa shule ya msingi. Kwa hiyo tafadhali kaa chini, usome mpaka mwisho, kisha ndio uchukue simu.

Mama ameniambia unachosema kuhusu mimi kuhamishwa. Kwamba kuna msichana wa Busia mjini, mtoto wa wenye maduka, aliyeingia maabara yetu kwa mlango wa nyuma, akanichongea kwa mkubwa na kunikalia kiti. Alisema uliyarudia hayo mbele ya akina mama wa kanisa, na ukataja hata jina la msichana. Ninaomba nikueleze huyo msichana ni nani na mambo yalikwendaje.

Anaitwa Jamirah. Alikuja kwetu Februari ya mwaka juzi, kwa kontrakti ya miaka miwili, akiwa na digrii mpya na viatu vya raba vyeupe ambavyo nilijua havitamaliza wiki kwenye matope ya shamba. Dkt. Omagor, mkubwa wetu, alimleta mpaka mezani pangu akasema, "Madam Everline, huyu ni wako. Mfundishe vithiripi."

Wewe hukuwahi kunielewa nikikueleza kazi yangu, kwa hiyo nitakuelezea kama ninavyowaeleza wakulima. Kithiripi ni yule mdudu mwembamba unayemwona ukipuliza ndani ya ua la kunde, anakimbia kama kipande cha uzi. Urefu wake ni kama robo ya punje ya mchele. Mabawa yake si kama ya nzi; ni kijiti chembamba chenye nywele ndefu pembeni, mfano wa unyoya. Mguuni hana kucha za maana, ana kibofu kidogo kinachovimba akikanyaga. Na mdomoni ana taya moja tu, la kushoto. La kulia halikui. Kwa taya hilo moja hutoboa ua na kulifyonza, nawe mkulima unabaki na maganda yasiyo na kunde ndani.

Vithiripi wako aina maelfu, na kwa macho ya kawaida wote ni uzi. Ili kumjua mmoja ni lazima umloweke kwenye dawa mpaka nyama yote iyeyuke abaki ngozi tupu, umpitishe kwenye spiriti, kisha mafuta ya karafuu, halafu umlaze kwenye kioo na umnyooshe mabawa na papasi, zile pembe za kichwani, kwa sindano nyembamba kuliko unywele. Hapo ndipo unamweka chini ya hadubini na kuanza kuhesabu. Papasi zina pingili ngapi, ya tatu ni ya rangi gani. Kati ya yale macho madogo matatu ya utosini, nywele zimeota wapi. Ukingo wa pingili ya nane ya tumbo una meno ya kitana au hauna. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na sita, dada. Hakuna mtu Busia nzima aliyekuwa anaifanya kunishinda, na nilikuwa nalijua hilo kila asubuhi nikivaa koti langu jeupe.

Jamirah nilimfundisha vizuri. Sitaki uniongezee dhambi ambayo sikuifanya. Alishika haraka, mkono wake ulikuwa mwepesi, na aliniita Mwalimu hata tukiwa na wageni. Nilimpenda. Siku za kwanza nilikuwa nikirudi nyumbani namsimulia Collins jinsi msichana yule anavyonyoosha bawa bila kuvunja hata unywele mmoja.

Mambo yaligeuka Novemba ya mwaka huo. Tulikuwa tumetoka Namboboto, shambani kwa mzee mmoja anaitwa Wesonga, kukusanya wadudu wa kunde. Mzee alikuwa na kipande cha mitoo pembeni, ile mboga ya maua ya manjano, imeachiwa itoe mbegu. Jamirah akakung'uta maua yale kwenye sahani nyeupe, bila kutumwa na mtu. Mimi nilimwambia asipoteze chupa. Siku tatu baadaye aliniita kwenye hadubini.

Nilitazama nikamwambia ni yule yule wa kunde tuliyemzoea. Akasema, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, angalia tena zile nywele za utosini. Na pingili ya tatu ya papasi ni ya manjano yote." Nikasema hiyo ni rangi tu, wadudu hupauka. Lakini wiki hiyo yote, muda wa chakula, alikuwa akichora. Alichora jike yule kutoka kichwani mpaka kile kimsumeno cha kutagia mayai, kila unywele mahali pake. Ijumaa Dkt. Omagor akapita, akauona mchoro, akaketi kwenye kiti changu na kutazama kioo kwa nusu saa nzima. Picha zilitumwa kwa mtaalamu Nairobi. Jibu lilirudi kabla ya Krismasi: huenda huyu ni spishi ambayo haijawahi kuelezwa na mtu yeyote. Tafuteni wengine, na hasa tafuteni dume.

Dada, nilipongeza. Nilimkumbatia mbele ya wote. Halafu nikaenda chooni nikakaa huko mpaka mtu akagonga.

Kilichoniuma si kwamba yeye amepata. Kilichoniuma ni kwamba lile ua lilikuwa mbele yangu miaka kumi na sita. Mitoo nimekula tangu nikiwa mtoto, wewe mwenyewe unajua, na haikunijia hata siku moja kuikung'uta. Yeye, mtoto wa mjini, aliyeuliza kama mitoo ni maua ya kupamba, ndiye alikung'uta.

Tangu hapo nikawa mtu mwingine. Nilianza kuvikagua vioo vyake nikitafuta mapovu ya hewa, na nikipata povu moja nilitembea nalo moyoni siku nzima kama zawadi. Ijumaa akienda msikitini saa saba nilikuwa naangalia saa. Akirudi mapema ndiyo nilichukia zaidi. Wageni walikuja kutoka Kakamega, wakapiga picha na yeye katika shamba la Mzee Wesonga, na mimi nikaambiwa niwashikie mwavuli. Picha ile ilibandikwa kwenye ubao pale mlangoni. Ukiitazama vizuri unaona mkono wangu na mpini wa mwavuli. Dkt. Omagor akaanza kumwita Daktari Mdogo. Mimi huniita Madam. Miaka kumi na sita ni Madam.

Na yeye hakujivuna. Laiti angejivuna ningekuwa na mahali pa kushika. Alipoulizwa alifundishwa na nani alisema, "Na Madam Everline, kila kitu." Nilichukia hata hiyo, nikaona kama ananirushia makombo.

Mvua za masika za mwaka jana tulirudi Namboboto mara saba kutafuta dume. Tulipata majike mia tatu na zaidi. Kuna vithiripi ambao madume yao ni adimu, hutokea wiki chache tu, na wengine hawana kabisa. Jamirah aliandika maelezo yote, umbo, rangi, vipimo, ndugu zake wa karibu ni nani na anatofautiana nao wapi. Pale pa dume aliandika yale maneno yanayotumika katika kazi hizi: Dume hajulikani. Ripoti ikatumwa kwa jarida Agosti.

Novemba ikarudishwa. Wakaguzi wa jarida walisema kazi ni safi na michoro ni mizuri, lakini bila dume hawawezi kuamini kwamba huyu si yule wa kunde aliyebadilika rangi kwa sababu ya kula mitoo. Walikuwa wamesema neno langu la siku ya kwanza, karibu vile vile. Nilipolisoma, dada, nilisikia raha. Niliteremka kantini nikanunua chai na mandazi mawili.

Ile ripoti ndiyo ilikuwa imebeba mambo mengine ambayo sikutaka kuyafikiria. Kulikuwa na nafasi ya masomo, digrii ya pili, na Dkt. Omagor alikuwa amemwandikia Jamirah barua ya mapendekezo akiahidi kwamba ripoti itakuwa imechapishwa. Haikuchapishwa, nafasi ikaenda kwa mtu mwingine. Februari mwaka huu kontrakti ikaisha, haikuongezwa. Jamirah akarudi kwa mama yake, Mama Ziada, kuuza vitenge kwenye duka lao mjini.

Siku ya kuondoka alikuja mezani pangu na daftari lake la michoro. Alilifungua ukurasa wa mwisho. Kushoto alikuwa amechora jike. Kulia alikuwa amepiga mstari wa fremu, ndani hakuna kitu. Akasema, "Mwalimu, macho yako ni makali kuliko yangu. Mimi najua yuko. Ukimpata, mchore hapo, umalizie kazi kwa jina lako. Hata langu likikosa, bora mdudu apate kujulikana."

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Dume alikuwa kwangu.

Nilimpata tarehe kumi na moja Mei mwaka jana, Jumamosi jioni, nikiwa peke yangu maabara. Alikuwa ndani ya chupa niliyoijaza Namboboto asubuhi hiyo, katikati ya majike arobaini, mdogo, mwembamba, rangi ya majani makavu. Nilijua kabla sijamgeuza. Nilimwandaa polepole, kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na nilipomweka chini ya hadubini nikaona tumboni mwake, upande wa chini, vidoa vitano vya mviringo, kimoja katika kila pingili kutoka ya tatu hadi ya saba. Yule wa kunde hana vidoa vya namna hiyo. Pale pale shaka yote ilikuwa imekwisha. Jamirah alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, na mimi nilikuwa nimekosea mbele ya mwanafunzi wangu.

Niliandika lebo, mahali, mmea, tarehe, jina langu, kwa sababu mkono umezoea. Kisha nikakifunga kioo kwenye kitambaa, nikakiweka ndani ya mkoba wangu wa kanisa. Nilijiambia nitakitoa Jumatatu. Jumatatu wakaja wageni wengine, wakauliza Daktari Mdogo yuko wapi. Sikukitoa. Nilienda na Jamirah Namboboto mara tatu baada ya hapo, nikainama naye juani, nikakung'uta maua, nikamwambia tusikate tamaa. Dada, nilimwambia hivyo na dume yuko kabatini nyumbani kwangu Burumba.

Hakuna aliyenichongea. Hakuna aliyenikalia kiti. Nilimwibia mtoto wa mtu mwaka mmoja na masomo yake, kwa sababu sikuweza kuvumilia aone kitu ambacho mimi sikukiona.

Lile daftari lilinishinda. Niliishi nalo Machi, Aprili na Mei. Nilikuwa nikilifungua na kuiangalia ile fremu, halafu nalifunga. Collins aliniuliza kama naumwa. Mwezi wa sita, siku ya Jumanne, niliomba ruhusa kazini nikachukua kioo, nikaenda dukani kwao.

Jamirah alikuwa anampimia mteja kitenge. Aliponiona alifurahi, akaniletea kiti, akaagiza soda. Nilisubiri mteja aondoke. Nilifungua kitambaa nikamwekea kioo juu ya meza, juu ya vitambaa. Hakuuliza ni nini. Alikiinua akakielekeza kwenye mwanga wa mlango, na ingawa bila hadubini huwezi kuona chochote isipokuwa kadoa, alikiangalia muda mrefu. Kisha akasoma lebo. Nikaona midomo yake ikitamka ile tarehe.

"Mei ya mwaka jana," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Kabla hatujatuma."

Nikasema ndiyo.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nimejiandaa hata kwa mama yake anitoe nje kwa ufagio. Jamirah aliuliza, "Kwa nini, Mwalimu?" Nikamwambia ukweli, kwamba nilimwonea wivu. Neno lenyewe nilikuwa sijawahi kulitamka kwa sauti. Machozi yalimtoka lakini hakuyapangusa. Halafu akasema kitu ambacho bado kinanichoma: "Mimi nilikuwa naomba kila siku niwe kama wewe."

Nilimwambia anaweza kubandua ile lebo aandike yake, na tarehe ya leo. Mimi nitasema tumempata juzi, hakuna atakayejua. Hapo ndipo alikasirika. Sauti ilimpanda mpaka Mama Ziada akatoka nyuma ya pazia. "Ulinifundisha lebo haiguswi! Aliyemshika amemshika, na siku aliyoshikwa ni hiyo. Unataka nianze kazi yangu na uongo?" Akavuta karatasi ya risiti, akanipa kalamu, akaniambia niandike yale yote niliyosema, nitie sahihi, na nimpelekee Dkt. Omagor mwenyewe kwa mkono wangu. Soda sikuinywa. Hakunisindikiza mlangoni.

Nilimpelekea. Dkt. Omagor alisoma mara mbili, akavua miwani, akaniuliza kama kuna kingine nimeficha. Nikasema hakuna. Aliniambia angeweza kunifukuza, na kwamba hanifukuzi kwa sababu Jamirah amempigia simu akamwomba asinifukuze, ila maabara sitaingia tena. Nikapewa barua ya kuja huku Malaba, kwenye kituo cha kukagua mimea inayovuka mpaka. Nasimama kwenye foleni ya malori kutoka Uganda, nafungua magunia, naangalia kama ndizi zina wadudu. Omagor amesema ukweli wangu utabaki ndani ya faili. Kwa hiyo watu wa nyumbani wakaona tu kwamba nimeshushwa, na wewe kwa mapenzi yako ukatafuta wa kumlaumu. Nami nilijua, nikakuacha uendelee miezi miwili. Hilo nalo nimelitubu sasa.

Jamirah amerudi kazini tangu Julai, kontrakti mpya. Ile nafasi ya masomo haikurudi. Ataomba mwaka ujao, na hakuna anayejua kama atapewa. Ripoti ilitumwa tena ikiwa na dume, na wiki jana ikakubaliwa. Dkt. Omagor alinitumia nakala bila neno la salamu. Niliisoma nikiwa nimesimama katikati ya malori mawili. Sehemu ya dume ni aya moja fupi, na chini yake imeandikwa: Dume mmoja, Namboboto, kwenye maua ya mitoo, 11 Mei 2024, mkusanyaji E. Nasambu. Yeyote anayejua kazi hii akiisoma, na akikumbuka ripoti ya kwanza ilitumwa Agosti, ataelewa. Jina langu sasa liko mahali nilipolitaka siku zote, na liko pale kwa aibu yangu.

Na ili usidhani nimekuwa malaika, nilipoona jina la Jamirah limetangulia juu, peke yake katika mstari wake, nilianza kuikagua michoro nikitafuta kosa, vile vile kama siku za mapovu. Wivu haujaondoka, dada. Tofauti ni kwamba sasa naujua kwa jina, na kuna watu watatu wanaojua ninao. Wewe ni wa nne.

Ninakuomba mambo mawili. Rudi kwa wale akina mama wa kanisa, uwaambie Jamirah hakunifanyia ubaya wowote, na ukitaka waambie ni nani aliyefanya. Na Mama mwache nimwambie mimi, nikienda Jumamosi.

Keshokutwa wakaguzi wote wa Malaba tumeitwa kwenye mafunzo, tufundishwe kumtambua huyu kithiripi mpya akipita mpakani. Atakayetufundisha ni Jamirah. Msimamizi wetu aliniuliza kama ningependa kupewa ruhusa siku hiyo. Nimemwambia nitakuwepo. Nitaketi kiti cha mbele kabisa, ili nisipate wa kunong'onezana naye.

Msalimie shemeji Mathew, na watoto uwakumbatie mmoja mmoja kwa niaba yangu. Huyo mdogo mwambie shangazi zake wa kwa baba wasimharibu kwa peremende, nami nitamletea njugu za bibi yake. Mungu akulinde, akuponye goti, na akupe moyo wa kuendelea kuniita ndugu.

Ni mimi mdogo wako,
Everline Nasambu